Kuitika kwa Kilatini

Jumamosi, 11 Januari

Kilatini tena leo, ukumbi wa parokia. Mwanzoni wanakwaya walijaza mabenchi. Leo tumebaki mimi, dada mmoja wa sauti ya pili, na bwana mmoja aliyekuja kuchaji simu yake. Mzee Gervas hakujali. Yeye ndiye anayepiga kinanda kanisani, na ujana wake aliwahi kusoma seminari kabla hajaamua kuoa. Aliandika ubaoni *voco, vocas, vocat*. Ninaita, unaita, anaita. Ana fimbo ya kuonyeshea, na ukikosea anaipiga mezani. Nimefundisha darasa la tatu kule Mwandiga mpaka nikastaafu, leo naogopa fimbo ya mzee mwenzangu.

Nikarudi Ujiji kwa bajaji. Ugali wa muhogo na dagaa. Bado sijui kusonga ugali wa mtu mmoja. Unaobaki nawapa kuku wa Bi Mwajuma, jirani yangu. Kuku wake wamenenepa mno tangu mwanangu Yasinta aondoke.

Jumatatu, 13 Januari

Niseme ukweli, humu nani atasoma. Kilatini sisomi kwa ajili ya kwaya. Kwaya yenyewe naimba nusu nusu.

Mwanangu wa pekee yuko monasterini, mkoa mwingine, kwa masista wale wasiotoka nje. Wanasali, wanalima bustani yao, wanatengeneza hostia, ile mikate ya komunyo. Basi. Alikuwa na kazi yake nzuri hospitali. Alikuwa na mchumba, au mimi nilidhani ni mchumba. Akaniambia jikoni, tunachambua dagaa, kwamba anakwenda. Nilimnunia mwezi mzima. Akaenda hivyo hivyo.

Sasa sista wa mapokezi amenipigia simu. Machi 25 Yasinta anaweka nadhiri. Ibada yote ni kwa Kilatini, ndiyo desturi ya nyumba yao. Sisi wazazi tunakaa upande wetu, masista upande wao, katikati kuna ukuta wa nondo na pazia. Uso wake sitauona. Mama Mkuu ataita jina lake la nyumbani kwa mara ya mwisho, naye ataitika. Baada ya hapo atapewa jina jipya na lile la zamani halitatajwa tena mle ndani.

Nikamwuliza nitajuaje kwamba ndipo wamefika. Akasema, "Mama, usihangaike, ni neno moja tu, linapita haraka."

Ndiyo maana nahangaika. Neno moja, linapita haraka, na mimi nimekaa nyuma ya pazia sielewi kitu. Sitaki linipite. Nikishindwa kila kitu kingine, hilo sitaki linipite.

Jumamosi, 18 Januari

Dada wa sauti ya pili naye hakuja. Maneno ya leo: *panis* mkate, *lumen* mwanga, *mater* mama, *filia* binti, *nomen* jina. Niliyaandika nyuma ya mlango wa jikoni kwa chaki, kama nilivyokuwa nawafanyia wanangu wa darasa la tatu.

Mvua kubwa. Ziwa lilikuwa linanguruma mpaka huku kwetu.

Jumamosi, 25 Januari

Nimebaki peke yangu darasani. Mzee Gervas amefundisha kwa sauti ile ile ya kufundishia ukumbi mzima.

Leo *vocor*. Ninaitwa. Nimelipenda hili. Wana kauli ya kutendwa kama sisi, ni mwisho wa neno tu unaobadilika. *Vocabar*, nilikuwa naitwa. Niliandika hili la pili kisha nikaacha kuandika. Mzee akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, Yasinta, pazia, jina.

Hakusema pole. Alifuta ubao wote, akaandika neno moja. *Adsum*.

"Ndilo hili atakalosema," akasema. "Nipo."

Nipo! Maisha yangu yote nimeita mahudhurio asubuhi. Watoto wanasema "nipo" hata kichwa hawainui. Yasinta nilimfundisha mwaka mmoja darasani kwangu, na alikuwa akiitika "nipo, mwalimu" kwa sauti ya ukali, ili wenzake wasiseme anapendelewa. Halafu njia nzima ya kurudi nyumbani ananiita mama, mama, mama, kama analipiza.

Nimelia kwenye bajaji. Dereva akaongeza sauti ya redio, akidhani ananisaidia.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee Gervas ameondoka. Binti yake amekuja kumchukua akafanyiwe matibabu ya macho Dodoma. Ameniachia kitabu chake kilichochakaa na kuniambia niseme kwa sauti, nisisome kwa macho.

Nimekasirika. Sina haki ya kukasirika, mzee wa watu haoni, lakini nimekasirika. Kila ninayemzoea anapata pa kwenda. Kaka yangu wa Kidahwe kapiga simu leo, anasema nihamie kwake shambani. Ana wajukuu kumi nyumba nzima. Nikamwambia nasoma. Akacheka sana.

Jumapili, 9 Februari

Nimesema kwa sauti uani, wakati nafua. *Voco, vocas, vocat, vocamus*... Nikakwama. Bi Mwajuma akauliza kutoka ng'ambo ya uzio wa matete, "Mama Yasinta, unamlaani nani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza, mikono imejaa mawese mpaka viwiko. Kisha akasema ninasoma vibaya. Ati nasoma kama mtu anayeuliza njia. Yeye aliisoma Kurani yote utotoni, na maana alikuja kuijua ukubwani. Kwanza ulimi, maana itakuja yenyewe. Akaniamuru nikae, nitikise mwili, nirudie mara nyingi bila kupumzika.

Nilijisikia mjinga. Lakini *vocatis, vocant* zilikuja zenyewe.

Alhamisi, 20 Februari

Bi Mwajuma ni mwalimu katili kuliko Mzee Gervas. Amebuni zoezi lake. Wakati wowote, niko jikoni, niko bafuni, niko naongea na muuza migebuka, anapaza sauti: "Yasinta!" Na mimi niitike "Adsum!" kabla ya yeye kuvuta pumzi. Nikichelewa anasema, "Huyo keshavishwa shela, wewe bado unatafuta kandambili."

Leo muuza migebuka aliangusha samaki kwa mshtuko. Mtaa mzima unajua. Watoto wakipita wanaita "Yasinta!" na kukimbia. Naitika. Siwezi kujizuia tena. Jana niliitika usingizini, nikajiamsha mwenyewe.

Ni mara ya kwanza tangu aondoke jina lake kutajwa hapa nyumbani mara nyingi hivi.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Bi Mwajuma amefunga, lakini kuita haachi. Ameniletea uji wa futari. Tumekula barazani kwake. Yeye hana mtoto. Mume alimwacha zamani kwa sababu hiyo, akaoa ng'ambo, Kongo kwa ndugu zake. Yasinta alipokuwa mdogo alishinda kwa Bi Mwajuma kuliko kwangu. Alikuwa akinirudia ananuka mawese.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu, Kwaresima imeanza. Sasa tumefunga wote wawili, kila mtu na upande wake. Bi Mwajuma alinitazama paji la uso akasema, "Nenda kanawe, umepakwa masizi." Anajua vizuri ni nini. Kila mwaka anasema hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Baada ya misa mama mmoja wa jumuiya yetu alinikumbatia mbele ya watu. Ati hongera, sasa hutakuwa tena Mama Yasinta, tutakuita Mama Sista. Wakapiga vigelegele. Nikatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Mama Sista! Masista ni wengi duniani. Mimi nimezaa mmoja, na siku ile ile wakunga walinipa jina pamoja na mtoto. Hapa Ujiji hakuna anayenijua kama Anastazia. Fundi, muuza maji, shehe wa msikiti wa jirani, wote Mama Yasinta. Tarehe 25 Yasinta anakwisha. Sasa mimi ni mama wa nani?

Nilifika nyumbani nachemka. Bi Mwajuma akaita kwa furaha zake, "Mama Yasinta, umerudi?" Nikamkatiza. Nikamwambia asiniite hivyo tena. Yasinta hayupo. Atafute jina lingine, aniite mwalimu, aniite vyovyote, lakini hilo aliache.

Alijifuta mikono kwa khanga. Kisha akasema, taratibu sana, "Wewe jina unalo, unalitupa. Mimi tangu nizaliwe naitwa Mwajuma."

Akaingia ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Ng'ambo ya uzio kimya. Haiti. Nasikia anatwanga, nasikia anaswaga kuku, nasikia anakohoa. Hasemi nami.

Leo nimesema *vocor* peke yangu. Ninaitwa. Na nani? Hakuna mtu aliyetaja jina langu lolote tangu Jumapili. Muuza migebuka anasema "mama" tu, kama anavyosema kwa kila mtu.

Ugali nimeumwaga. Sikuthubutu kuwapelekea kuku.

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda mpaka mlangoni kwake na kibaba cha sukari ya futari. Nikasimama. Nikarudi nayo. Mtu mzima, mwalimu, nimesimamia watoto maelfu waombane msamaha mbele ya darasa, na mimi nimeshindwa kugonga mlango.

Nimefunga sanduku. Gauni la kitenge cha buluu, viatu, kitabu cha Mzee Gervas. Naogopa. Nimesahau neno la mwanga.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye treni, mwandiko unaruka.

Stesheni kulikuwa na watu wengi, magunia ya dagaa kutoka Kibirizi, akina mama na madumu ya mawese. Nilikaa kwenye sanduku langu nikijiona mtu asiye na wa kumpungia mkono. Treni ikachelewa. Nikashukuru kuchelewa kwake baadaye.

Kwa sababu Bi Mwajuma alikuja. Alipasua watu kama anatafuta mwizi, kikapu kichwani. Akaita mbele ya stesheni nzima, "Mama Yasinta!" Hakuita Anastazia, hakuita mwalimu. Watu wakageuka. Akanitupia kikapu mapajani. Migebuka ya kukaanga, ndizi, limao.

"Chumvi sijaonja, nimefunga," akasema. "Ikizidi, kunywa maji."

Nikaanza kusema nisamehe. Akasema nisimfunguze saumu kwa kumliza. Akanishika kidevu, akasema kwa sauti ndogo, "Yasinta." Nikaitika. Akaridhika, akaondoka bila kugeuka.

Samaki hawana chumvi kabisa. Nimewala wote.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefika. Nyumba ya wageni, chumba cheupe, kitanda kimoja, kiti kimoja. Sista wa mapokezi aliposikia lafudhi yangu akanisalimu "Mwakeye." Muha mwenzangu, wa Kasulu! Sikutegemea kusikia Kiha mlangoni mwa mahali hapa. Nusura nimrukie shingoni.

Nikamwuliza kama naweza kumwona mwanangu leo. Akasema kesho, baada ya ibada, kwenye chumba cha mazungumzo. Nikamwuliza kama anakula vizuri. Akasema anakula. Sikumwamini.

Jioni nilisikia wakiimba nyuma ya ukuta. Sauti zote zimekuwa moja. Nilitega sikio nimtafute Yasinta humo. Sikumpata.

Jumanne, 25 Machi

Nataka kufa kwa aibu. Niandike haraka iishe.

Kanisa dogo. Benchi ya mbele, mimi peke yangu. Wazazi wengine hawapo, kwa kuwa leo anayeweka nadhiri ni mmoja tu. Pazia jeupe. Nikawa nafuata. Nilishika *panis*, nikashika *lumen*, nikashika *mater* na nikajipongeza. Niliona nina nafuu. Nilisema moyoni, tulia, neno likija utalisikia.

Kisha kimya. Mama Mkuu akaita, sauti ya kizee, wazi kabisa:

"Yasinta."

Na mimi, mwalimu mstaafu, mbele ya padre, mbele ya masista wote, mbele ya sakramenti, nikaruka kutoka kwenye benchi na kupaza sauti ya mahudhurio:

"ADSUM!"

Ikagonga dari. Padre aligeuka. Mtu fulani nyuma yangu alikohoa. Nilisimama kama mlingoti. Miguu ilikataa kukaa.

Halafu kutoka nyuma ya pazia, sauti nyingine. Ilitetemeka kidogo mwanzoni, ikanyooka.

"Adsum."

Ndiyo. Nilimsikia. Neno halikunipita. Lakini nilimtangulia, nikamharibia neno lake moja, siku yake moja. Ibada yote iliyobaki sikuelewa hata herufi. Jina jipya ni Sista Maria Lusia. Nalo nililisikia kwa mbali, kama tangazo la stesheni.

Wamesema nikamwone kesho, kwa kuwa leo wana karamu yao ya ndani. Najua ni kwa sababu wamekasirika.

Jumatano, 26 Machi

Hawakukasirika.

Chumba kimekatwa katikati kwa nondo. Nilikaa nikitazama mikono yangu. Mlango wa upande wao ukafunguka. Nilijiandaa kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga vizuri.

Yasinta alisimama pale na shela lake, amekonda kweli, nilijua tu. Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Akasema, "Mama, umeniwahi."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika nondo, shela likaenda upande. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya ile siku ya dagaa jikoni. Na mimi nikacheka, na nikilia, yote pamoja, kamasi na kila kitu. Mama Mkuu, bibi mfupi mwenye miwani, alichungulia akauliza, "Basi tukushonee na wewe shela?"

Yasinta akaniuliza nani kanifundisha kuitika vile. Nikasema Bi Mwajuma. Nikamweleza uzio, muuza migebuka, watoto wa mtaa. Alicheka tena, safari hii akafuta macho.

Nikamwambia lililokuwa moyoni. Kwamba sijui niitwe nani sasa. Kwamba sikutaka aje hapa, na bado sitaki, na sitadanganya mbele ya nondo za watawa. Kwamba nyumba ni kubwa.

Akapitisha vidole kati ya nondo, nikavishika. Vimekuwa vigumu kwa jembe.

"Mimi huku nimepewa jingine," akasema. "Yasinta nimekuachia wewe. Jana uliitika mwenyewe, watu wote wamesikia."

Kisha akasema nimwambie Bi Mwajuma kwamba yeye pia anamwitika, kila siku, asipomsikia ni umbali tu.

Kengele ikalia. Akaenda. Hawaongezi hata dakika.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi Ujiji. Nyumba ina vumbi na harufu ya kufungwa. Maneno ya chaki bado yako nyuma ya mlango wa jikoni. *Nomen* limefutika nusu kwa unyevu.

Nilimpelekea Bi Mwajuma salamu zake kabla hata ya kufungua sanduku. Neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Alikuwa anakoroga mawese. Aligeukia sufuria, akaendelea kukoroga muda mrefu, mgongo kwangu. Mawese yalikuwa tayari zamani.

Kisha akauliza kama samaki walikuwa na chumvi. Nikasema walikuwa sawasawa. Akasema mimi ni mwongo tangu anijue.

Upweke haujaondoka. Nilidhani nitaupeleka kule monasterini, niuache kwenye kile kiti kimoja. Nimerudi nao. Ila si ule wa kabla.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Tangu asubuhi mtaa una harufu ya pilau na watoto wana nguo mpya zinazowabana. Nimefagia uani. Nimesonga ugali, mdogo, na kwa mara ya kwanza haukubaki.

Nilikaa na kitabu cha Mzee Gervas. Kaka yake wa Kigoma anasema matibabu ya macho yamekwenda vizuri, atarudi baada ya Pasaka. Nitakwenda darasani, hata nikiwa peke yangu. Nimefika wakati ujao. *Vocabor*, nitaitwa.

Ng'ambo ya uzio, katikati ya kelele za sufuria, sauti ikaita:

"Yasinta!"

"Adsum," nikasema.

Alikuwa anataka chumvi.